Waraka si sheria

Kwenye kikao cha wazazi mwezi uliopita, mwalimu mkuu alitutangazia kwamba "sheria siku hizi inamruhusu binti aliyejifungua kurudi shule." Tukapiga makofi. Mama mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Sheria ipi, mwalimu?" Mwalimu akainua karatasi. Ulikuwa Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021.

Sheria hutungwa na Bunge. Kanuni hutungwa na waziri kwa mamlaka aliyopewa na sheria. Waraka ni maelekezo ya wizara kwa watendaji wake.

Neno lenyewe linajieleza. Kwa Waarabu tulikolitoa ni jani, kisha karatasi. Wakristo wanalisikia kila Jumapili: Waraka wa Paulo kwa Warumi. Ni barua, ina aliyeandika na walioandikiwa. Wa wizara nao ni barua, na walioandikiwa ni viongozi wa elimu hadi wakuu wa shule. Mzazi anasomewa tu. Kanuni ina asili nyingine kabisa. Ilitoka kwa Wagiriki ikapitia kwa Waarabu, na mwanzoni ilikuwa fimbo nyoofu ya kupimia. Barua inafutwa na barua nyingine, hata kesho asubuhi, lakini fimbo haibadilishwi kwa barua.

Na hapa ndipo mabinti zetu wanapoumia. Kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zilitaja kosa dhidi ya maadili na kuingia kwenye ndoa kuwa sababu za kufukuzwa. Mimba ikasomwa humo, ndani ya neno "maadili". Juni 2017, akiwa Chalinze, Rais Magufuli alisema aliyepata mimba harudi shule. Ilikuwa hotuba, haikufika hata kuwa waraka, lakini ilipokewa kama amri. Novemba 2021 wizara ikatangaza kuufungua mlango, waraka ukatoka, na Kanuni za 2002 zikabaki zilivyoandikwa.

Ndiyo maana mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, ikiamua shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzao, ilizigusa Kanuni zenyewe: ndoa iondolewe kwenye sababu za kufukuza, na "maadili" yasitumike dhidi ya mwenye mimba. Mahakama nayo huenda kwenye mzizi. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vinavyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18, vinakiuka Katiba. Hakuna waraka unaoweza kufanya hivyo.

Kwa hiyo mwalimu wangu, kwa heshima zote, kikao kijacho tuambie: "Waraka Na. 2 wa 2021 unatuelekeza kumpokea." Na wewe mama uliyeuliza, binti akirudishwa getini, andika namba hiyo na mwaka wake kwenye barua yako kwa ofisa elimu.