Leseni iko ukutani, ufunguo uko kwa nani?

Nimekagua makao ya watu wenye ulemavu wa akili kwa miaka mingi, na swali ninaloulizwa na ndugu zao kuliko yote ni hili: "Wana leseni?" Ni swali la haki. Nyumba isiyo na leseni usimpeleke mtu wako. Ila ukishajibiwa "ndiyo", kazi ya kuuliza ndiyo kwanza imeanza, kwa sababu leseni inasema mambo machache kuliko watu wanavyodhani.

Kwa kawaida mwenye nyumba hupeleka ramani ya jengo, ukaguzi wa zimamoto na wa afya, sifa za msimamizi, taarifa za polisi za wafanyakazi, na idadi ya watu anaotaka kuwapokea. Mkaguzi huja, hupima, huandika. Vyumba vina vipimo: kanuni za shirikisho za Marekani, kwa mfano, zinataka chumba kisizidi watu wanne, kila mmoja apate walau futi za mraba 60, na anayelala peke yake 80. Vitu vya namna hiyo hupimwa kwa futi kamba, na mtu akitaka anavirekebisha ndani ya wiki moja.

Kanuni hizi hazikuzuka tu. Willowbrook, taasisi ya serikali kule Staten Island, New York, ilijengwa kwa ajili ya watu 4,000. Kufikia mwaka 1965 ilikuwa na zaidi ya 6,000. Mwaka 1972 televisheni ilionyesha watoto wakiwa uchi sakafuni, kesi ikaenda mahakamani, na hukumu ya mwaka 1975, iliyotokana na makubaliano ya pande zote mbili, ikaweka viwango ambavyo wengi walivichukua baadaye. Taasisi ilifungwa mwaka 1987. Tangu hapo tumejua kuhesabu vitanda.

Kuhesabu vitanda hakutoshi. Winterbourne View, karibu na Bristol, Uingereza, ilikuwa hospitali ndogo ya vitanda 24 iliyosajiliwa kihalali. Mtumishi mmoja alitoa taarifa kwa wahusika na hazikufanyiwa kazi. Mei 2011 kamera ya siri ya BBC ikaonyesha wagonjwa wakipigwa na kuburuzwa, na mwaka uliofuata wafanyakazi 11 walihukumiwa. Jengo halikuwa chafu wala halikusongamana. Ndiyo maana mimi nikifika mahali sianzi na jengo.

Naanza na usiku. Zoezi la moto ni mfano mzuri. Nyumba nyingi hulifanya saa nne asubuhi, wakazi wote wakiwa macho na wafanyakazi wamejaa. Kanuni za shirikisho nilizozitaja zinataka zoezi kila robo mwaka kwa kila zamu, katika mazingira tofauti, na walau mara moja kwa mwaka kila zamu iwatoe wakazi nje kwelikweli. Marekani viwango vya usalama wa moto hupanga nyumba kwa muda wa kutoka: dakika tatu au pungufu ni haraka, zaidi ya tatu hadi 13 ni polepole, na ikizidi 13 wakazi wanahesabiwa kuwa hawawezi kutoka kwa wakati, kwa hiyo jengo lenyewe lidaiwe kinga zaidi. Hapo ndipo leseni huchakaa kimyakimya. Mkazi aliingia akipanda ngazi mwenyewe, miaka kumi imepita, sasa anashikwa mkono. Cheti hakijabadilika hata herufi moja, lakini mtu aliyeandikiwa cheti kile hayupo tena.

Halafu naomba karatasi za dawa. Siku moja niliingia nyumba fulani jioni, jua halijazama, nikakuta dawa za saa tatu usiku zimeshatiwa saini kwa wakazi wote sita. Wino ule ule, mkono ule ule. Mhudumu hakunidanganya. Alisema, "Dada, usiku niko peke yangu. Nikianza kuandika, nani atamgeuza yule wa chumba cha mwisho?" Ratiba ukutani ilionyesha watu wawili kila usiku. Mwandishi wa saini za mapema nilipaswa kumwandika, na nilimwandika, lakini kosa kubwa la ripoti ile nililiweka kwa aliyepanga zamu ya mtu mmoja na kubandika ratiba ya wawili. Kanuni ikimwangukia mhudumu peke yake, mwezi ujao utakuta mhudumu mpya na saini zile zile.

Kuna mambo manne ambayo wanaofanya kazi hii huyaogopa kuliko moto: kupaliwa, kufunga choo, kukauka maji mwilini, na kifafa. Yanaua watu wenye ulemavu wa akili wakati yangeweza kuzuiwa, na hakuna hata moja linaloonekana kwenye ramani ya jengo. Kufunga choo ndiko kunakopuuzwa zaidi. Mtu asiyeweza kusema "tumbo linaniuma" atapiga kichwa ukutani au atamng'ata anayemvisha. Mfanyakazi asiyejua ataandika "ukorofi", atatafuta dawa ya kumtuliza, na baadhi ya dawa hizo zinafunga choo zaidi. Kwa hiyo nikiona dawa ya kutuliza imeongezwa, nafungua daftari la choo la wiki mbili zilizotangulia. Kama daftari halipo, hilo ni jibu tosha. Kanuni nzuri inakataza dawa za tabia za "mpe akisumbua", na inasema wazi kwamba kumfunga mtu au kumlewesha dawa kusitumike kama adhabu, wala kwa urahisi wa wafanyakazi.

Fedha za wakazi nitazisema kwa ufupi: zisichanganywe kamwe na za nyumba. Kila mkazi awe na hesabu yake, na ndugu aruhusiwe kuiona.

Mageuzi ninayoyapenda zaidi yalikuja Marekani mwaka 2014, kwa huduma za majumbani na katika jamii zinazolipiwa na serikali. Kanuni iliacha kuuliza tu nyumba ina nini, ikauliza mkazi anaweza nini. Mlango wa chumba chake ufungwe kwa ndani. Ale anapotaka. Apokee mgeni saa yoyote. Achague wa kushiriki naye chumba. Ukitaka kumpunguzia mtu mojawapo, uandike kwenye mpango wa huduma wake yeye sababu inayomhusu yeye, njia nyepesi ulizojaribu kwanza, na tarehe ya kuangalia upya. Kufuli kwenye friji kwa sababu ya mkazi mmoja anayekula kupita kiasi si ruhusa ya kuwanyima chakula watano wengine.

Nilimkuta mzee mmoja ana ufunguo wake shingoni, umefungwa kwa uzi. Nikabisha hodi. Akanyamaza, kisha akasema, "Subiri kwanza." Nikasubiri mlangoni, nikimsikia akitandika kitanda, na mhudumu aliyenisindikiza akasubiri pamoja nami bila kugusa kitasa. Katika fomu yangu hakukuwa na kisanduku cha kuandika hilo. Niliandika pembeni.

Kwa hiyo ukienda kumtafutia ndugu yako mahali, omba ripoti mbili za mwisho za ukaguzi, usome kama kosa la kwanza limejirudia katika ya pili. Uliza usiku wanabaki wangapi, kisha nenda usiku uone. Na ukifika mlango wa chumba, angalia nani anaufungua.