Kupakia Faili na Intaneti Inayokwama Nyumbani: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana potofu: Dawa ni kununua kifurushi chenye kasi zaidi.

Ukweli: Kasi ni wingi wa data inayopita kwa sekunde, ilhali ucheleweshaji ni muda ambao pakiti moja, yaani kipande kidogo cha data, hutumia kwenda na kurudi, na la kwanza linaweza kupanda bila la pili kushuka. Chukua modemu yenye bafa ya kilobaiti 256, yaani kumbukumbu ambamo pakiti husubiri zamu, kwenye laini inayopakia megabiti 1 kwa sekunde. Anayetuma video huijaza mara moja, na sauti ya anayepiga simu ya WhatsApp chumba cha pili hungoja takriban sekunde 2 kabla hata ya kutoka nyumbani. Kifurushi kikubwa huipunguza foleni hiyo, lakini TCP, yaani kanuni ambazo kompyuta hufuata kutuma data, huongeza mwendo hadi pakiti zianze kupotea, hivyo bafa hujaa tena.

Dhana potofu: Bafa kubwa ni bora, kwa kuwa pakiti hazipotei.

Ukweli: Upotevu wa pakiti chache ndiyo ishara inayoiambia TCP ipunguze mwendo, na bafa kubwa huichelewesha ishara hiyo. Mhandisi Jim Gettys aliyaona haya mwaka 2010 alipokuwa akinakili faili kutoka nyumbani kwake Marekani, ucheleweshaji ukapita sekunde 1 nzima.

Dhana potofu: Kupakia hakuathiri kupakua.

Ukweli: Kila data inayopakuliwa huhitaji risiti ya kupokelewa, na risiti hizo hukwama kwenye foleni ileile ya kupakia.

Dhana potofu: Kipimo cha kasi kikitoa namba nzuri, laini ni nzima.

Ukweli: Kipimo kilichofanywa usiku wa manane, wakati hakuna anayetumia laini, hakisemi mengi. Fungua madirisha mawili ya amri, moja lipeleke ping, yaani amri inayopima muda wa kwenda na kurudi, kwenye ruta (mara nyingi 192.168.1.1) na jingine kwenye 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje ya nyumba, kisha anza kupakia faili kubwa. Ping ya ruta ikirukaruka, tatizo limo kwenye Wi-Fi, kwa hiyo rudia kwa kebo kabla ya kumlaumu mtoa huduma. Ikibaki milisekunde 1 au 2 huku ile ya nje ikipanda kutoka 40 hadi 900, foleni iko kwenye modemu.

Dhana potofu: Hakuna cha kufanya ila kuvumilia.

Ukweli: Ruta inayotumia OpenWrt, mfumo huria wa kuendesha ruta, inaweza kuwekewa SQM, yaani zana ya kusimamia foleni, yenye fq_codel au CAKE, ambazo ni mbinu za kugawa zamu za pakiti. Iwekee kikomo cha takriban asilimia 90 ya kasi halisi ya kupakia, ili foleni ihamie kwenye ruta, ambako pakiti za simu hupewa zamu bila kungoja faili liishe. Utapoteza kasi kidogo, na kwa maoni yangu ni bei ndogo. Kwenye intaneti ya 4G kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu kasi yenyewe hupanda na kushuka kila mara. Asiye na ruta ya namna hiyo aweke kikomo ndani ya programu inayotuma faili; rsync, programu ya kunakili faili, kwa mfano, hukubali chaguo la --bwlimit.