"Joto la chini" kwenye mashine ya kuoshea vyombo lina maana gani?

Shangazi yangu anatunza nyumba ya wageni kule Shela, Lamu. Mwenye nyumba alipoleta mashine ya kuoshea vyombo, ilivushwa kwa mashua kutoka Mokowe, kisha mahamali wakaibeba hadi jikoni, maana punda aliyeletwa alikataa katakata sanduku lile. Tangu siku hiyo shangazi huiwasha kwa programu moja tu, ile ya moto kuliko zote. Nilipomwonyesha kitufe kilichoandikwa Eco, yaani programu ya joto la chini ya kuokoa stima, alinicheka. "Mai vuguvugu hayatoi mafuta, mwanangu." Huku tokeni za stima zinakwisha kabla ya wiki kwisha.

Neno lenyewe, "joto la chini", ndilo linalopotosha. Programu ya joto la chini ni ile ambayo maji ya kuoshea hayapashwi zaidi ya nyuzi 50 hivi za Selsiasi. Eco kwa kawaida huwa kati ya 45 na 50, ile ya glasi huwa chini kidogo ya hapo, na ile ya masufuria yaliyogandamana hufika 65 au 70. Kwa hiyo "chini" ni chini ukilinganisha na 70. Tia mkono kwenye maji ya nyuzi 50 uone kama utahesabu hadi ishirini! Shangazi huyohuyo anayedharau maji vuguvugu ameosha vyombo maisha yake yote kwa maji ya tangi la darini, ambayo hayafiki hata 35 siku ya jua kali.

Sasa kama moto umepunguzwa, uchafu unatolewa na nini? Mwaka 1959 mkemia wa Kijerumani aitwaye Herbert Sinner, aliyekuwa kampuni ya sabuni ya Henkel, alieleza kwamba kuosha kitu chochote kunahitaji mambo manne: joto, muda, dawa, na nguvu ya kusugua. Aliyachora kama duara lililogawanywa vipande vinne. Ukipunguza kipande kimoja, vingine lazima vinenepe ili duara lijae. Ndiyo maana Eco huchukua saa tatu, pengine nne. Watu huona mashine imekwama au ni mbovu, kumbe inalipa kwa muda kile ilichokataa kulipa kwa moto. Vyombo vinaroweka, vinarushiwa maji, vinaroweka tena. Kila aliyewahi kutia maji kwenye sufuria la ukoko na kuliacha hadi asubuhi anaijua hesabu hiyo bila Sinner.

Kipande cha dawa kinastahili maneno zaidi, kwa sababu hapo ndipo mambo yalipobadilika. Sabuni nyingi za mashine za siku hizi zina vimeng'enya. Kimoja hukatakata protini, yaani yai, maziwa na samaki. Kingine hukatakata wanga wa wali, uji na ugali uliokauka. Vimeng'enya hivi hupenda joto la wastani, kati ya nyuzi 40 na 60 hivi, na huhitaji muda. Ukivipeleka kwenye 70 haraka haraka, vinaharibika kabla ya kumaliza kazi, kwa kuwa navyo ni protini, na protini ikipata moto mkali hugeuka kama yai linavyogeuka kikaangoni. Wapishi wa pwani wanalijua hili kwa mlango mwingine: bakuli lililopigiwa mayai haliwekwi maji ya moto kwanza, na sinia la samaki ukilimwagia maji yanayochemka shombo linanata. Huanza maji baridi. Programu ya joto la chini inafuata desturi hiyohiyo.

Mafuta nayo yana hesabu yake, na hapa shangazi ana nusu ya haki. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Kwa Lamu hiyo ina maana hayagandi karibu mwaka mzima, kwa hiyo sahani ya wali wa nazi au samaki wa kupaka haina haja ya nyuzi 70 hata kidogo. Samli nayo inalegea kabla ya 40. Shahamu ya ng'ombe na ya mbuzi ndiyo ngumu. Huanza kuyeyuka kwenye 40 na kuendelea, nyingine hadi karibu 50. Biriani ya harusi iliyolala usiku kwenye masinia, hiyo naikubali, ipewe moto. Chakula cha kila siku cha wageni wanne, hapana.

Tuje kwenye stima. Katika mashine hii pampu inakula kidogo. Mla mkubwa ni hita inayopasha maji. Kupandisha lita moja kwa nyuzi moja kunataka kilojuli 4.2, na yuniti moja ya stima ni kilojuli 3,600. Sasa angalia tofauti ya mahali. Mashine hizi hupimwa Ulaya kwa maji ya bomba ya nyuzi kama 15, na tangu Machi 2021 lebo ya matumizi ya umeme huko inatokana na programu ya Eco. Kutoka 15 hadi 50 ni ngazi 35. Maji ya tangi la Shela yakiwa 28 tu, ngazi ni 22. Zaidi ya theluthi ya kazi imekwisha kufanywa na jua, bure, kabla hujabonyeza kitufe. Lakini ukichagua 70, unaanza tena kupanda ngazi 42, karibu mara mbili ya zile za Eco. Hapo ndipo tokeni zilipokuwa zinapotelea.

Maji yetu mengi ya visima ni magumu; tazama ukoko mweupe ndani ya birika lako. Chokaa hiyo hujitenga zaidi maji yakipata moto, basi joto la chini huitunza hita na glasi. Haliondoi haja ya kutia chumvi maalumu ya mashine, ile ya punje kubwa. Chumvi laini ya mezani usiitie.

Lawama moja ya Eco ni ya kweli: vyombo hutoka na unyevu. Mashine nyingi hukausha kwa joto lililobaki kwenye sahani zenyewe, na sahani ya nyuzi 50 haina joto la kutosha, sembuse katika hewa ya Lamu wakati wa kusi. Tia dawa ya suuzo la mwisho, na mashine ikimaliza fungua mlango kwa upana wa kiganja. Vyombo vya plastiki vitabaki na matone hata ufanyeje.

Kuhusu vijidudu, nyuzi 50 si joto la kuua kila kitu. Vingi huondoka pamoja na uchafu, vikibebwa na sabuni na maji, na kwa nyumba yenye watu wazima wenye afya hiyo inatosha. Chupa za mtoto mchanga, au kama kuna mgonjwa ndani, tumia moto. Na usichanganye jambo hili na mashine za "joto la chini" za mahotelini: zile huosha kwa dakika chache na kumalizia kwa dawa ya kuua vijidudu, mara nyingi ya klorini. Jina limefanana, kazi ni tofauti.

Jambo ambalo vitabu vya maelekezo hulitaja kwa maandishi madogo ni kichujio. Ukitumia Eco siku zote, mafuta hujikusanya polepole pale chini na kwenye mabomba, na siku moja jikoni kunanuka kama soko la samaki saa tisa alasiri. Toa kichujio kila wiki ukisugue, na mara moja kwa mwezi endesha ile programu ya moto, mashine ikiwa tupu.

Shangazi amekubali Eco kwa siku za kawaida, ila huiwasha akienda kulala ili asiione inavyojivuta. Masufuria ya alumini bado anayaosha kwa mkono, na hapo simpingi, kwa kuwa sabuni ya mashine huyafanya meusi kwa joto lolote lile. Upawa wa kifuu na mbuzi ya kukunia nazi havijawahi hata kuukaribia mlango wa mashine.