Ayubu hakukaa kimya: tunavyoikosea subira ya Mkristo

Kifafa kilimwanza mdogo wangu akiwa na miaka 12, hapa Kibirizi, Kigoma, nyumba yetu ikiwa karibu kabisa na ziwa. Tangu hapo nimesikia maneno mengi kuhusu imani na subira. Mengine yalitushika mkono. Haya yalituumiza, na bado nayasikia wodini na misibani.

Dhana: Mwenye subira halalamiki

Hapa watu humtaja Ayubu, na naona wengi huishia sura ya 2. Fungua ya 3: analaani siku aliyozaliwa. Anaendelea hivyo sura baada ya sura, akimdai Mungu majibu. Rafiki zake ndio wanaojitia kumtetea Mungu, na katika sura ya 42 Mungu anawakasirikia wao, kwamba hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Ni Ayubu huyohuyu ambaye Yakobo, sura ya 5, anamtoa kuwa mfano wa subira. Zaburi ya 13 nayo inauliza "hata lini" mara nne katika aya mbili tu za kwanza.

Rafiki hao walifanya jema moja, kabla hawajafungua midomo: siku 7, mchana na usiku, waliketi chini na mwenzao bila kusema neno. Kuna mama wa jumuiya alikuja kwetu wiki ile mbaya kuliko zote. Akavuta kigoda, akachambua dagaa pamoja na mama hadi jioni, akaaga. Hakuhubiri. Mama anamtaja mpaka leo.

Dhana: Ugonjwa usioisha ni dhambi, au imani haba

Wanafunzi walimuuliza Yesu hivyo hivyo kuhusu kipofu katika Yohana 9: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Akawajibu, si yeye wala wazazi wake. Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, haukuondolewa. Mwenzake Trofimo naye, Paulo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Nani atasema Paulo alikuwa na imani haba?

Na kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Hakiambukizi kwa mate wala kwa kumgusa mtu. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeona watu wakirudi nyuma badala ya kumgeuza mtoto ubavu.

Dhana: Kumeza dawa ni kumtilia Mungu shaka

Mtu mmoja aliyekuwa akija kutuombea nyumbani alimwambia mama aache vidonge, "ili muujiza usichanganywe". Mama alitii. Dawa za kifafa zikikatishwa ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na ndivyo ilivyokuwa. Siku ya nne mdogo wangu alianguka juu ya jiko la mkaa. Kovu liko kwenye kiwiko cha kulia, linang'aa kama ngozi ya samaki.

Miaka mingi baadaye niliisoma upya Marko 9. Yule baba aliyemleta mwanawe mgonjwa kwa Yesu anasema mtoto hutupwa mara nyingi katika moto na katika maji. Moto na maji! Nililia. Kisha anasema anaamini, ila asaidiwe kutokuamini kwake. Yesu hakumfukuza kwa imani hiyo ya nusunusu, alimponya mtoto. Timotheo naye aliambiwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake.

Dhana: Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba

Hilo halimo katika Biblia. 1 Wakorintho 10 inazungumzia majaribu na njia ya kutokea. Katika 2 Wakorintho 1, Paulo mwenyewe anasema walilemewa kupita nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi.

Dhana: Kusubiri ni kukaa

Dagaa wetu huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi hupumzika. Shuka ufukweni siku hizo uone kama kuna aliyelala: nyavu zimetandazwa mchangani, watu wanashona. Mwaka 2024, uvuvi ulipofungwa Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, walishona hivyohivyo.

Mdogo wangu yumo kati yao. Daktari alimkataza kuingia ziwani, na miaka miwili ya kwanza hakutaka hata kuona mtumbwi. Sasa hushona nyavu za wengine, nyingine huja nazo nyumbani. Kila usiku mama humuuliza kutoka jikoni, "Baba, umemeza?" Naye hujibu bila kuinua macho, uzi ukiwa katikati ya meno, "Nimemeza, mama."