Waingereza wa kale hawakutamka "ye" katika "Ye Olde"

Baa nyingi Uingereza huandika "Ye Olde" (yaani "The Old", ya kale) kwenye mabango, na watu huamini kwamba wazee wa kale walitamka "yii". Sivyo kabisa. Hiyo y inashikilia nafasi ya herufi þ, iitwayo thoni, iliyotoka katika runi, maandishi ya kale ya Ulaya kaskazini, ikiwakilisha sauti za th na dh, kama katika thelathini na dhahabu. Kwenye miandiko ya mkono, kichwa chake kilizidi kufunguka hadi ikafanana na y. Matbaa zilipoingia, kuanzia ya William Caxton mwaka 1476, herufi za kuchapia zililetwa kutoka ng'ambo bila þ, wachapaji wakaweka y. Msomaji aliendelea kutamka "the" bila kusita. Waiceland wanaiandika þ mpaka leo.