Kuunganisha mitazamo si kuikata katikati

Hapa Goma, mazungumzo ya tabianchi yakifika kwenye makala (mkaa wa kupikia) yanayochomwa katika Hifadhi ya Virunga, wengi hudhani kwamba sera ya haki ni ile inayompa kila mmoja nusu ya anachotaka. Dhana hiyo si sahihi, kwa sababu wanaobishana hawatofautiani juu ya kiasi tu, bali juu ya chanzo chenyewe cha tatizo.

Mwanaanthropolojia Mary Douglas, aliyefanya utafiti wake wa mwanzo kwa Walele wa Kasai (kwetu Kongo, jambo ambalo husahaulika), aliweka msingi wa nadharia inayotofautisha mitazamo hiyo: wenye kutegemea sheria na wataalamu huona kasoro katika udhibiti, wenye kutegemea soko huiona katika bei, na wenye kudai usawa huiona katika ulafi wa wachache.

Ukimwambia mama apikie nusu ya makala yake, humridhishi mlinzi wa hifadhi, wala mchuuzi, wala mama mwenyewe. Umeme wa maji wa Matebe, huko Rutshuru kaskazini mwa Goma, uliozinduliwa mwaka 2015, unagusa hoja zote tatu bila kuigawanya hata moja: msitu unapata nafuu, viwanda vidogo vinapata nishati, na kaya maskini nazo hunufaika, mradi gharama ya kuunganishwa isiwashinde. Kwa maoni yangu, sharti hilo la mwisho ndilo hupuuzwa kwanza, na linapopuuzwa magunia ya makala huendelea kuingia mjini.