Kulala kwenye masseria ya Puglia: uliza chumba kilikuwa nini zamani

Picha za masseria mtandaoni zinafanana zote: ukuta mweupe, mzeituni mkongwe, bwawa la kuogelea. Kwa hiyo ninapowapangia wageni safari ya Puglia, kusini mwa Italia, jambo la kwanza ninalomwandikia mwenye nyumba si bei. Namuuliza: hicho chumba, kabla hakijawa cha wageni, kilikuwa nini? Jibu hilo litakuambia zaidi habari za joto, unyevu, ngazi na mtandao kuliko nyota zilizobandikwa mlangoni.

Masseria ni shamba lenye ngome. Nyingi za eneo la Fasano, Savelletri na Ostuni zilijengwa au kuimarishwa kuanzia karne ya 16, wakati pwani hii ikiishi kwa hofu ya maharamia na majeshi ya Waturuki. Otranto, kusini zaidi, ilitekwa mwaka 1480. Simama mbele ya lango uinue macho. Juu kabisa utaona kibanda cha jiwe kilichochomoza nje ya ukuta, na sakafu yake ina tundu. Hiyo ndiyo caditoia: walinzi walipitishia hapo mawe na maji ya moto yamwangukie anayevunja mlango. Ndani ya ua kuna mazizi, ghala, mara nyingi kanisa dogo, na birika la maji ya mvua, kwa kuwa mwamba wa chokaa wa huku hunywa maji yote na mito karibu haipo.

Chini ya ardhi, kwenye nyumba kadhaa, kuna frantoio ipogeo, kinu cha mafuta kilichochongwa ndani ya mwamba. Mafuta ya zeituni huganda kwenye baridi, na mavuno huja wakati baridi inaanza. Kule chini joto halibadiliki sana, tena nyumbu waliozungusha jiwe la kusagia na watu waliolala humo humo waliongeza vuguvugu, mafuta yakabaki majimaji. Sehemu kubwa ya mafuta hayo haikuwa ya kula: ilipakiwa bandari ya Gallipoli ikaenda kuwasha taa za miji ya Ulaya. Leo vinu vingi ni maonyesho, na vingine vimegeuzwa bafu za mvuke. Ukiuzwa chumba cha kulala kilichomo kwenye kinu, kumbuka hakina dirisha.

Sasa vyumba. Aliyepewa zizi la zamani yuko ghorofa ya chini, chini ya dari la kuba, na kuta zake huwa sentimita 80, pengine zaidi ya mita moja. Mwezi wa saba na wa nane hapo ndipo pazuri kuliko pote. Tatizo ni jiwe lenyewe. Tufo, kama wanavyoliita, lina vitundu vingi, linanyonya maji kutoka chini, maji yanapanda na chumvi, kisha chumvi inasukuma chokaa nje. Utaona ukuta unapukutika unga kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, na begi lililoegemezwa hapo linaamka jeupe. Rangi mpya ya plastiki huficha hali hiyo kwa msimu mmoja tu na kuifanya mbaya zaidi, maana unyevu unakosa pa kutokea. Aliyekulia kwenye nyumba ya mawe ya Lamu au Unguja anayajua haya.

Ukuta mnene huo huo ndio unaowaponza wageni wa Aprili. Umehifadhi baridi ya miezi minne, na hita ndogo hupasha hewa tu, haiupashi ukuta. Nje watu wamevaa fulana, ndani unalala na sweta. Oktoba mambo hugeuka: ukuta bado una joto la kiangazi, na kwangu huo ndio mwezi wa kwenda, hasa kwa kuwa uvunaji wa zeituni unaanza. Kwa Aprili, andika wazi: mfumo wa kupasha joto utakuwa umewashwa, na kwa saa ngapi?

Chumba cha mnara kina upepo na mandhari. Kina pia ngazi za jiwe zilizosimama wima, na lifti usiitegemee, kwa sababu jengo lililo chini ya ulinzi wa urithi halitobolewi hovyo. Agosti paa linapigwa na jua kutwa nzima, hivyo bila kiyoyozi usikichukue.

Kuhusu mtandao, usiulize kama wanayo Wi-Fi. Wote watasema ndiyo. Uliza kama kuna kisambaza mawimbi ndani ya chumba chako, maana mita moja ya jiwe huyameza mawimbi yanayotoka mapokezi.

Maji ya moto hukokotolewa. Tanki la lita 80 lililopashwa hadi nyuzi 60, likichanganywa na maji ya bomba ya nyuzi 15, hutoa takriban lita 144 za nyuzi 40. Bomba la kuogea linalotoa lita 10 kwa dakika litalimaliza kwa dakika 14 hivi. Familia ya wanne ipeane zamu.

Umeme ni volti 230 kama kwetu, ila plagi yetu ya miguu mitatu minene haiingii. Soketi za Italia ni za matundu matatu yaliyopangwa mstari mmoja, ya ampea 10 na ya ampea 16, na hazilingani. Plagi nyembamba ya miguu miwili huingia ile ya ampea 10 na soketi zinazopokea aina zote mbili, lakini si ile ya ampea 16 pekee, kwa hiyo nunua adapta ya aina hiyo na uulize soketi za chumba ni zipi. Kama umekodi nyumba ndogo yenye jiko, huenda mita yake ni ya kilowati 3, kiwango cha kawaida cha makazi. Washa oveni, kiyoyozi na jagi la umeme kwa pamoja, mita itakata. Kabla mwenyeji hajaondoka, akuonyeshe mita iko wapi. Mara nyingi iko nje, karibu na barabara.

Barabara nayo ina mambo yake. Anwani za mashambani huandikwa contrada (kitongoji) fulani, bila namba inayoeleweka, na simu hupenda kukupitisha njia ya vumbi kati ya kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo. Kioo cha pembeni hukwaruzwa hapo. Omba koordineti za lango. Kutoka uwanja wa ndege wa Brindisi hadi Ostuni ni kama kilomita 40, barabara pana isiyolipiwa. Mwenye leseni ya nje ya Umoja wa Ulaya abebe pia kibali cha kimataifa cha udereva, na kadi ya mkopo yenye jina la dereva kwa ajili ya amana ya gari.

Kabla ya kulipa, tafuta kwenye tangazo namba ya CIN, yaani namba ya kitaifa ya utambulisho wa malazi, inayoanza na IT. Tangu Januari 2025 kila malazi yanatakiwa kuionyesha. Anayeomba viza ya Schengen achague nafasi inayoweza kufutwa bila kukatwa pesa. Mkifika, pasipoti za wote zitaandikwa, kwa kuwa mwenyeji lazima awaripoti wageni polisi ndani ya saa 24. Kodi ya utalii ya manispaa kwa kawaida hulipwa pale pale, nje ya bei uliyoiona.

Mezani, asiyekula nguruwe wala pombe aulize mapema. Bombette ni nguruwe. Pasticciotto, keki ya asubuhi, kwa desturi hukandwa kwa strutto, yaani mafuta ya nguruwe. Taralli zinazoletwa na kila kinywaji zina mvinyo mweupe kwenye unga. Fave e cicoria, uji mzito wa fave (maharage mapana) makavu na mboga chungu, hauna nyama, lakini mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, upungufu ambao si haba kwenye maeneo ya malaria, asiuguse: fave zinaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Liandike hilo kwenye ujumbe wa kuweka nafasi, kwa Kiitaliano: niente fave, favismo (yaani: fave zisiwepo, nina ugonjwa wa fave). Huku favismo ni ugonjwa unaojulikana, na mpishi ataelewa mara moja.